Mwenye Macho na Aambiwe Tazama

Mheshimiwa mwenyekiti, wanachama wenzangu wa chama cha wapiga picha, na wageni mliokuja mkidhani leo nitazungumzia lenzi: shikamooni wakubwa zangu, na wadogo zangu hamjambo.

Nimekuja na picha moja ya karatasi. Iko ndani ya bahasha hii, na haitatoka sasa hivi, maana nikiitoa hakuna atakayenisikiliza tena. Nitawasimulia tu. Niliipiga kwa simu siku ukoo wetu ulipokusanyika, kwa ile namna ya panorama: unageuka taratibu toka kushoto kwenda kulia, na simu inakuunganishia picha moja ndefu. Mbele yangu walikuwa watu 31. Kwenye picha wako 32. Mpwa wangu, aliyekuwa na miaka tisa na miguu ya swala, yuko mwisho wa kushoto anacheka, na yuko mwisho wa kulia anacheka zaidi, kwa sababu alizunguka mgongoni kwangu mbio wakati nageuka. Mjomba hana shingo. Aligeuza kichwa kumjibu mtu wakati kamera inampitia. Na begani kwa shangazi kuna mkono. Mkono mzuri tu, umevaa saa. Tumemhesabia kila mtu mikono yake, na huo hauna mwenyewe.

Siku ile nilipiga picha nyingine zaidi ya arobaini, zilizotulia, kila mtu ana shingo yake. Hakuna aliyeziuliza. Hii ilizunguka kwenye kundi la ukoo mpaka ikatoka nje ya ukoo, na nimewahi kutumiwa na mtu nisiyemjua kabisa, akiniuliza: "Umeuona huo mkono?"

Wazee walisema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi nina ugomvi mdogo na methali hiyo, maana naona nusu ya kazi ya intaneti ni watu wenye macho kuambiana tazama. Tena anayekutumia picha ya ajabu hana shida na wewe kuona. Shida yake ni kujua kama unaona anachokiona yeye. Swali hilo dogo ndilo linaloisukuma picha kutoka simu hadi simu, na ndilo nililojia hapa jioni hii.

Hakuna picha iliyoliuliza kwa sauti kubwa kama ile ya gauni. Mtaikumbuka. Februari 2015, mama mmoja alilipiga picha gauni la kuvaa kwenye harusi ya binti yake katika kisiwa cha Colonsay, Uskoti, akamtumia binti. Wachumba wakashindwa kuafikiana ni la rangi gani. Rafiki yao, mwanamuziki, akaiweka picha kwenye mtandao wa Tumblr, na ilipofika tarehe 26 ya mwezi huo dunia ilikuwa kambi mbili: jeupe na dhahabu, au bluu na nyeusi.

Nyumbani kwetu kambi zote mbili zilikaa kochi moja. Dada yangu alitupa jicho mara moja akasema jeupe. Mama, ambaye ameshona nguo za watu tangu sijazaliwa, akatafuta miwani kwanza.

"Hili ni la bluu."

"Mama, hili jeupe kabisa. Na lesi yake ya dhahabu."

"Mwanangu, magauni ya bluu niliyoshona huwezi kuyahesabu. Leo wewe ndiye wa kunifundisha bluu?"

"Sikufundishi, mama. Nakwambia ninachokiona."

"Basi una homa. Sogea nikuguse paji."

Mama alikuwa sahihi. Gauni lenyewe, la kampuni ya Uingereza iitwayo Roman Originals, ni la bluu na nyeusi. Lakini dada hakuwa na homa. Ukiifungua picha ile kwenye programu ya kuhariri ukapima rangi ya pikseli zenyewe, yaani vile vitone vidogo vinavyoiunda picha, hukuti nyeupe wala nyeusi. Unakuta bluu iliyofifia na rangi mfano wa udongo. Picha imeungua kwa mwanga, na haisemi mwanga huo ni wa wapi. Hapo ubongo unafanya kazi yake ya kila siku bila kukuomba ruhusa. Karatasi nyeupe ukiitazama juani, kivulini, au chini ya taa ya manjano, unaiona nyeupe, ingawa unaoingia jichoni si mwanga mmoja. Ubongo unakisia rangi ya mwanga, unaitoa, unakuachia rangi ya kitu. Kwenye gauni, aliyekisia kwamba liko kivulini, ambako mwanga una ubluu, alitoa bluu akabakiwa na nyeupe na dhahabu. Aliyekisia taa ya manjano alitoa manjano akabakiwa na bluu na nyeusi. Hesabu ni ileile. Namba ya kuanzia ndiyo iliyowagombanisha mama na dada.

Mwaka 2017 mtafiti wa Chuo Kikuu cha New York, Pascal Wallisch, alichapisha matokeo ya kuwauliza watu zaidi ya 13,000. Mojawapo ya aliyoyaona ni kwamba wanaoamka alfajiri walielekea zaidi kuona nyeupe na dhahabu kuliko wanaokesha. Aliyezoea mwanga wa mchana hukisia mwanga wa mchana. Sasa, dada yangu huamka na majogoo, na mama hushona mpaka usiku wa manane chini ya balbu. Najizuia kusema huo ni ushahidi, lakini mnaniona ninavyotamani.

Masikio nayo yalipata gauni lao Mei 2018, kwa ile sauti ambayo wengine walisikia "Laurel" na wengine "Yanny". Sitakaa hapo. Mimi ni mtu wa picha.

Kiswahili kina neno zuri sana kwa mambo haya: kiinimacho. Tumelizoea kwa mfanya mazingaombwe, yule anayekupumbaza kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukificha sarafu. Uzuri wa picha ninazozisema ni kwamba mfanya mazingaombwe hayupo. Unajifanyia mwenyewe. Mwaka 1995 Edward Adelson, profesa wa MIT kule Marekani, alichora ubao wa drafti, juu yake kitu cha kijani mfano wa pipa, na kivuli cha pipa kikaangukia ubao. Mraba mmoja nje ya kivuli ameuandika A, mwingine ndani ya kivuli ameuandika B. A unauona mweusi, B unauona mweupe. Ni kijivu kimoja, sawasawa kabisa. Nilipoambiwa hivyo nilikasirika. Nikaichapa ile picha, nikachukua mkasi, nikakata mraba B na kuulaza kando ya A. Ulipotoka tu kwenye nafasi yake ukageuka mweusi mkononi mwangu. Nikaurudisha, ukawa mweupe. Nilikaa pale mezani nikiutoa na kuurudisha kama mtoto na swichi ya taa. Akiyoshi Kitaoka wa Chuo Kikuu cha Ritsumeikan, Japani, mwaka 2017 alifanya mchezo wa namna hiyo kwa picha ya stroberi: unaziona nyekundu za kuiva, na hakuna hata pikseli moja nyekundu. Kujua hakukusaidii. Hilo ndilo linalonichekesha mpaka leo.

Lakini mniwie radhi, mimi mapenzi yangu hasa yako kwenye picha ambazo aliyekosea ni kamera. Mtakuwa mmeona picha ya propela ya ndege iliyopigwa kwa simu kutoka dirishani: mapanga yamepinda kama ndizi, mengine yamekatika yanaelea peke yake hewani. Mara ya kwanza nilipoipiga mwenyewe nilidhani simu imeharibika. Mara ya pili nikaanza kuogopa kwamba ndege ndiyo iliyoharibika.

Ukweli ni huu. Kihisi cha simu nyingi, kile kipande kinachopokea mwanga, hakioni picha nzima kwa mkupuo. Kinaisoma mstari kwa mstari, toka juu kushuka chini, kama mtu anayesoma barua. Kwa mlima, kwa meza, kwa bibi aliyeketi, hakuna hasara. Lakini propela ya ndege ndogo huzunguka zaidi ya mara 2,000 kwa dakika, yaani zaidi ya mara 30 kila sekunde. Simu ikichukua sehemu moja ya thelathini ya sekunde kumaliza kusoma, basi kati ya mstari wa kwanza na wa mwisho propela imeshazunguka duara zima. Kila mstari umekuta panga mahali pengine. Simu inaipanga mistari hiyo kwa uaminifu, na matokeo ni ndizi. Yaani picha ile haidanganyi hata kidogo! Kila mstari ni kweli tupu. Uongo wake ni kudai kwamba mistari yote ni ya wakati mmoja.

Na panorama yangu ni ndugu wa propela. Vipande vyembamba, kimoja baada ya kingine, na muda unapita katikati. Ndiyo maana mbwa anayetembea hutoka na miguu sita na mwili wa treni, na paka anayeelekea upande usiofaa hutoka mfupi kama kikombe.

Wako pia wanaoona sura. Mlango wa gari umenuna, soketi imeshtuka, nusu ya pilipili hoho inalia. Hiyo si akili mbovu. Ubongo wa binadamu umeelekezwa kwenye sura tangu utotoni na huona heri kuitambua isiyokuwepo kuliko kuikosa iliyopo. Tarehe 25 Julai 1976 chombo cha angani, Viking 1, kilipiga picha eneo la Cydonia kwenye sayari ya Mars, na pale katikati mtu anatutazama: macho, pua, mdomo. NASA wenyewe walipoitoa walisema ni mchezo wa kivuli. Nani aliwasikiliza? Kwenye picha kuna vitone vyeusi, sehemu ambazo data ilipotea njiani, na kitone kimoja kikaangukia palepale penye tundu la pua. Mwaka 1998, na tena 2001, chombo kingine, Mars Global Surveyor, kilipiga picha bora zaidi. Kilima. Kilima tu cha mawe. Na mwaka 2004 mkate wa kuokwa na jibini, uliokwisha kuumwa upande mmoja na kutunzwa miaka kumi kwa sababu mwenyewe aliiona humo sura ya Bikira Maria, uliuzwa eBay, kwenye mnada wa mtandaoni, kwa dola 28,000. Sina la kuongeza juu ya mkate huo.

Kwa bahati, mwaka huohuo wa 1976 mwanabiolojia Richard Dawkins alibuni neno "meme", akimaanisha jambo linaloigwa kutoka akili hadi akili. Hakuwa anafikiria vichekesho vya picha za paka tunavyoviita hivyo leo mtandaoni. Lakini paka walikwisha kufika zamani. Katika miaka ya 1870, mjini Brighton, Uingereza, mpiga picha Harry Pointer alikuwa anawapiga paka wake wakiwa wamekaa kwenye baiskeli au wanakunywa chai, anaandika maneno ya salamu chini ya picha, na kuziuza. Aliandaa picha kama 200. Nawaambia, mtu huyo alikosa simu tu.

Nimesema picha ya gauni inauliza. Kuna nyingine haziulizi, zinaamrisha: na wewe fanya. Mtu akinilalamikia kwamba vijana wa leo wameharibiwa na mitandao, humtajia Durban, Afrika Kusini, mwaka 1959. Wanafunzi 25 walijibana ndani ya kibanda kimoja cha simu. Habari ikavuka bahari bila intaneti yoyote, na muda mfupi baadaye wanafunzi wa Uingereza na Marekani nao walikuwa wamepandana vibandani; wale 22 wa chuo cha St. Mary's, California, walitokea kwenye jarida la Life, nyuso zimebanwa kwenye kioo. Miguu ya nani, viwiko vya nani, hujui. Ukiitazama ile picha unarudi kwenye swali la shangazi yangu na ule mkono.

Tangu hapo tofauti ni mwendo tu. Mwaka 2011 watu walilala kifudifudi wamenyooka kama mbao juu ya magari, ngazi na makabati, wakapigwa picha. Mei ya mwaka huo kijana mmoja huko Brisbane, Australia, akateleza kutoka ukingo wa roshani ya ghorofa akafa, na mchezo ukapoteza utamu. Mwaka 2014 watu walijimwagia ndoo za maji ya barafu, na taasisi ya Marekani inayopambana na ALS, ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaodhoofisha misuli, ikapokea dola milioni 115. Sehemu ya fedha hizo iligharimia utafiti ambao mwaka 2016 ulitambua jeni iitwayo NEK1 kuwa na uhusiano na ugonjwa huo. Jeni, kutokana na ndoo! Mwishoni mwa 2016 wanafunzi wa sekondari moja ya Jacksonville, Florida, waliganda kama masanamu huku kamera ikipita kati yao, na dunia nzima ikaganda. Huo ndio niliupenda kama mpiga picha: teknolojia yote ile ya video, na watu wakaitumia kurudi kwenye picha mnato.

Na yai. Tarehe 4 Januari 2019 mtu aliweka Instagram picha ya yai, yai la kahawia mbele ya ukuta mweupe, akaomba lipate laiki nyingi kuliko picha yoyote. Rekodi ilikuwa milioni 18, ya Kylie Jenner, nyota wa televisheni wa Marekani, na mtoto wake mchanga. Siku kumi hazikuisha, yai likaipita. Nimeitazama picha hiyo kama fundi. Mwanga wa kawaida, kivuli kidogo, hakuna ubunifu. Wala haikuhitaji. Raha ilikuwa kujua kwamba mamilioni ya watu wengine, saa hiyohiyo, wanalitazama yai.

Sasa nina habari za papa na Papa. Tuanze na mwenye herufi ndogo.

Mafuriko makubwa yakitokea mjini, hasa Marekani, lazima utatumiwa picha ya papa anaogelea barabarani kando ya gari. Ilivuma mwaka 2011 baada ya kimbunga Irene, ikidaiwa ni Puerto Rico. Mwaka 2017, kimbunga Harvey, papa yuleyule, mkao uleule, akahamia Houston. Alikatwa kutoka kwenye picha halisi iliyopigwa na Thomas Peschak, ya papa mkubwa anayeufuata mtumbwi wa kayaki baharini, iliyochapishwa mwaka 2005. Basi sisi wajuzi tukawa tunacheka kila akirudi. Mimi mwenyewe nilikuwa namjibu kila anayenitumia: "Huyo papa namfahamu, msalimie."

Septemba 2022, kimbunga Ian, ikaja video kutoka Fort Myers, Florida: samaki mweusi anajipindua kwenye maji ya mafuriko uani mwa mtu, pezi liko nje. Nikajibu vilevile, msalimie. Shirika la habari la AP likamtafuta aliyeirekodi, likakagua faili lake, likakuta video ni ya kweli. Wataalamu wakasema yaelekea ni papa mdogo. Nilimwomba radhi niliyemjibu. Akaniandikia neno moja: "Nimemsalimia."

Papa wa pili ni hayati Baba Mtakatifu Fransisko. Machi 2023 alionekana mtandaoni amevaa koti jeupe lililotuna kama godoro, la kitajiri hasa, na watu wengi, wakiwemo wasiodanganyika kirahisi, wakaamini. Ilitengenezwa kwa programu ya akili mnemba iitwayo Midjourney. Niliikuza nikaona mkono unaoshika kikombe haukishiki vizuri, na mkufu wa msalaba una upande mmoja tu. Nikafurahi kidogo, kisha furaha ikaniishia, na nimechukua muda kuelewa kwa nini.

Wengi wanaogopa picha hizi kwa sababu zinadanganya. Kuna haki ya kuogopa. Langu mimi ni dogo zaidi, ni lalamiko la mkusanyaji. Ukiniletea propela iliyopinda nitakueleza mstari kwa mstari ilipindaje. Gauni lina mama, lina binti, lina kisiwa. Hata papa wa barabarani anayo bahari alikotolewa. Lakini mkono usioshika kikombe cha Papa si wa mtu. Hakuna aliyegeuka, hakuna aliyekimbia nyuma ya mpiga picha, jua halikuwa popote. Ukiuliza "ilikuwaje?" jibu ni kwamba haikuwa. Picha ya namna hiyo naicheka mara moja, naifuta. Mpwa wangu, ambaye sasa ana kidevu chenye ndevu tatu, ananiambia nazeeka. Pengine. Lakini mwezi uliopita nilimkuta na ile panorama yetu kwenye kioo cha simu, ameikuza mpaka saa ya ule mkono inajaa kioo chote, anajaribu kusoma mishale.

Mwenyekiti ananionyesha saa yake pia, kwa hiyo nafungua bahasha. Naomba mstari wa mbele mwanze, kisha mpitishe nyuma. Mjomba asiye na shingo ni wa tano kutoka kushoto, msihangaike naye, yuko salama. Shangazi ni huyu mwenye kilemba. Saa ina mkanda wa ngozi, na inasoma kitu kama saa tisa kasoro. Jamaa wote wanaovaa mkono wa kushoto tumekwisha kuwaondoa kwenye orodha, maana huo ni wa kulia. Kalamu ninayo hapa, na nyuma ya picha pana nafasi ya kuandika jina.